Nani Aliipiga Picha Ile

Kithimani, 9 Machi 2025

Dada yangu Ndila,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, na kama nawe hujambo basi Mungu ametutendea. Winfred mke wangu anakusalimu. Kile kitambaa ulichomletea amekishona gauni na akina mama wa kanisa hawaachi kumuuliza alikipata wapi. Mwaitu anakusalimu. Mvua bado. Shamba la chini tumelilima lote, ndengu ziko ndani ya gunia zinangoja, na sisi kila jioni tunatazama mawingu ya upande wa Kitui yakikusanyika na kutawanyika. Mishiri, haya maharagwe mabichi ya kuuza, iliyo kando ya mfereji ndiyo inatulisha kwa sasa.

Sijaandika barua ya kweli tangu siku zile marehemu Baba alipotulazimisha kumwandikia kutoka bweni kwa Kiswahili, halafu anaturudishia akiwa amezisahihisha kwa wino mwekundu. Lakini ulisema nisikupigie simu tena wala nisikutumie ujumbe, kwamba huko wanasikiliza. Kwa hivyo nimeongea na Nuradin. Malori yake ya mifugo huvuka mpaka na kurudi kila mwezi. Hakuniuliza lolote. Alisema dereva wake atampa Abdilatif mpwa wake, na Abdilatif atakupa wewe, kwa kuwa yeye ndiye anayekuendesha na kukutafsiria. Alisema, "Wako mtoto wetu na mtoto wenu kwa gari moja. Barua nayo ni mzigo?"

Sasa niambie jambo moja. Zamani nikifungua habari za nchi hiyo kwa simu, chini ya picha naona jina lako, nawaonyesha watu pale posho mill wakingoja unga wao usagwe. Tangu Januari jina halipo. Picha zipo, na nazijua ni zako kwa vile unavyowakaribia watu, lakini jina hakuna. Umefukuzwa kazi? Kama umefukuzwa usione haya, rudi. Chumba chako hakuna aliyekilala.

Njoo Pasaka.

Kaka yako,
Musau


2 Aprili 2025

Kaka Musau,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka mbuzi na nimeinusa mara mbili kabla ya kuifungua. Mimi niko mzima. Msalimie Winfred, mwambie gauni nataka kuliona akiwa amelivaa. Msalimie Mwaitu, mama yetu, sana. Mvua ikinyesha niandikie ilianza siku gani na ilikuja kutoka upande gani, najua utacheka, lakini niandikie.

Sijafukuzwa. Jina niliomba mwenyewe litolewe. Mwaka jana tulikuwa wapiga picha wengi hapa mjini, wa magazeti na wa mashirika ya nje. Mmoja alivunjwa vidole vya mkono wa kulia kituoni, kimoja baada ya kingine, wakimwambia hiyo ni likizo. Mwingine alitoka kununua mkate. Gari lake lilipatikana, yeye mpaka leo hakuna anayejua aliko. Koti letu lenye maandishi makubwa ya waandishi wa habari, ambalo kwingine hukulinda, hapa tumeliacha kwa sababu ndilo wanalolilenga. Kamera naibeba ndani ya mfuko wa unga. Nikimaliza kupiga, kadi inatoka kwa kamera inaingia kwa upindo wa sketi, na picha naifuta uso wa kila mtu anayeweza kudhurika kabla haijaenda popote. Waliwahi kuchukua picha za gazetini na kuzunguka nazo nyumba kwa nyumba wakitafuta waliomo. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko mengine yote, kwamba ninaweza kumpeleka mtu jela kwa kumpiga picha.

Kuna jambo lazima nikwambie. Hapa kuna wanawake ambao kila Alhamisi husimama mbele ya lango la kambi wakiwa wameshika picha za watoto wao waliochukuliwa. Hawapigi kelele. Wanasimama tu. Alhamisi moja askari walitoka na kuwapiga. Kesho yake ilitoka picha iliyopigwa kutoka ghorofani kwa fundi wa cherehani aliye mkabala na lango. Inaonyesha ofisa mmoja, uso wake wote, buti lake likiwa juu ya mkono wa mama mzee, na mkono ule bado umeshika picha ya mwanawe. Labda umeiona. Dunia nzima imeiona. Ofisa huyo ni mtu wa karibu na wakubwa.

Tangu hapo wanamtafuta aliyekuwa pale juu. Juzi walisimamisha gari letu Abdilatif akiwa peke yake ndani, wakakuta begi la kamera chini ya kiti. Wamemchukua. Hatujui yuko wapi.

Tafadhali mwambie Nuradin kwa mdomo. Mimi sikuweza kumwandikia. Na mama yake Abdilatif aambiwe vile Nuradin ataona. Ukijibu, dereva Isse ataniona sokoni kama alivyofanya leo.

Ndila


Kithimani, 27 Aprili 2025

Dada yangu Ndila,

Tunakusalimu sote. Mvua ilianza Jumatatu, ilitoka upande wa Katangi, ikapiga mabati mpaka hatusikiani. Ndengu zimeota vizuri. Mwaitu anakusalimu. Winfred ana kikohozi lakini kinaisha.

Nilimwendea Nuradin soko la mifugo, nikamvuta kando. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikayasahau yote, nikamwambia tu kwamba Abdilatif ameshikwa kwa ajili ya picha. Alikuwa ameshika fahali kwa kamba. Hakuiachilia. Aliniuliza kama amepigwa, nikasema sijui. Akauliza yuko wapi, nikasema hakuna ajuaye. Kisha akaniuliza:

"Na hiyo picha, nani aliipiga?"

Nikamwambia hukuandika.

"Basi muulize," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Mumina, mama yake Abdilatif, aliambiwa jioni hiyo hiyo. Unajua yeye ana duka la vitambaa pale nyuma ya msikiti, na mwanawe ni huyo mmoja. Siku ya pili alikuja kwangu kuomba kama katika simu yangu nina picha ya Abdilatif, kwa sababu alizo nazo zote ni za utotoni. Nilikuwa nayo moja, ile mliyonitumia mkiwa mmekaa juu ya boneti mnakula tikiti. Nilikuondoa wewe, nikaenda mjini Matuu kumtolea nakala. Ameiweka kwa fremu.

Nimekwenda Nairobi kwa ofisi inayohusika na Wakenya walio nje. Nilikaa kwa benchi asubuhi yote. Mama aliyenihudumia alikuwa na adabu. Alisema wewe hujakamatwa, kwa hivyo hakuna la kufanya ila nikushauri urudi. Kuhusu Abdilatif aliangalia kompyuta akasema alizaliwa huko na ana karatasi za huko, kwa hivyo si wao. Nikamwambia amesoma hapa Kithimani tangu darasa la kwanza, mama yake yuko hapa, anaongea Kikamba kunishinda. Akasema anaelewa.

Ndila, mimi ni kaka yako na sijawahi kukuzuia. Ulipoacha ualimu ukasema unataka kamera, mimi ndiye nilimtuliza Baba. Sasa nakwambia rudi. Na swali la Nuradin nalirudia, maana ataniuliza tena: nani aliipiga picha ile?

Musau


19 Mei 2025

Kaka,

Salamu kwa wote. Nimefurahi kuhusu mvua.

Mimi.

Wewe ulijua, ndiyo maana umeuliza mara mbili. Abdilatif hakuwepo hata pale juu. Alikuwa kwa gari mtaa wa pili, ameniambia nisikawie. Nilikawia. Yule mama alipoanguka ningeweza kushuka, nilikuwa na picha za kutosha, lakini nilitaka uso wa ofisa na yeye alikuwa amenipa mgongo. Nikangoja ageuke.

Mtu aliyekuwa seli moja naye na sasa ametoka ameniletea habari. Walimuuliza begi ni la nani, akasema ni lake. Walimuuliza kama ni yeye alikuwa kwa fundi, akasema ni yeye. Wakamwambia awaonyeshe jinsi kamera inavyowashwa, akashindwa. Yaani wanajua si yeye, kaka. Wanamshikilia kwa sababu ndiye waliye naye.

Mhariri wangu ameniamuru niondoke na amenipatia tiketi ya ndege. Anasema nikiwa nje nitaweza kumpigania Abdilatif. Nimeona wengi wakipiganiwa kutoka nje. Wanapiganiwa kwa mwezi mmoja, halafu kunatokea vita mahali pengine.

Nimehama nilipokuwa. Nakaa kwa mama mmoja ambaye sitamtaja. Sitoki mchana.

Sasa na mimi nina swali. Katika barua zako mbili umeandika "Mwaitu anakusalimu." Mwaitu hajawahi kunisalimu tu na kunyamaza. Lazima aulize ninakula nini, aseme nimekonda, akuamuru uandike kuhusu fulani aliyeolewa. Maneno yake yako wapi?

Ndila


Kithimani, 15 Juni 2025

Ndila,

Sisi tuko. Ndengu zinakaribia kuvunwa. Baridi ni kali.

Mwaitu hana maneno. Tangu Februari. Alikuwa anachambua maharagwe, akaanguka upande, na alipoamka upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi pia. Tulimpeleka hospitali, akakaa wiki kadhaa, akarudishwa. Anasikia kila kitu. Ukitajwa anageuza macho mlangoni. Winfred anamlisha uji kwa kijiko. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utavuka mpaka kwa papara na kushikwa njiani. Sasa nakuandikia nikitaka uvuke. Nisamehe kwa yote mawili.

Nuradin hajaniuliza tena. Ningependa angeuliza. Kila Jumamosi anamtuma mtu na maziwa ya ngamia kwa Mwaitu, anasema yana nguvu. Barua zako ananikabidhi mwenyewe kwa mkono, zikiwa zimefungwa, anasubiri nione hazijafunguliwa, kisha anauliza hali ya mgonjwa. Mumina naye alikuja kukaa na Mwaitu siku nzima. Walikaa wawili pale chini ya dirisha, mmoja hawezi kuongea na mwingine hataki. Mimi nilipitia nyuma ya nyumba kama mwizi katika boma langu.

Sitawaambia. Nimeamua. Na nitakuandikia jambo ambalo nikiwa mbele ya Padre nitalikana: aliyeshikwa ameshikwa. Wewe bado uko nje. Uko na tiketi. Mwaitu anatazama mlango. Ukijipeleka hutamtoa yule kijana, utawaongezea tu.

Panda ndege, mwana wa mama. Nakuomba. Sijui kukuomba kwa njia nyingine.

Musau


3 Julai 2025

Kaka Musau,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa chini sakafuni. Mkumbatie Mwaitu. Mwambie nakula vizuri, nimenenepa, na mama ninayekaa kwake anapika chakula kinachofanana na muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe ila hakina chumvi. Mwambie kwa sauti, upande wa sikio la kushoto.

Nilikwenda uwanja wa ndege. Nataka ujue hilo, kwamba nilikusikia. Nilikuwa nimesuka nywele upya, pasipoti mkononi, nimefika mpaka mstari wa pili. Mbele yangu kulikuwa na kijana anaongea Kiswahili cha kwetu kwa simu, anamwambia mtu kwamba akifika Nairobi atalala Kithimani kwa mjomba wake. Si ajabu kubwa, watu wa huku wamejaa huko kwetu. Lakini nilishindwa kusonga. Watu walinipita. Afisa mmoja akaniuliza kama ni mgonjwa, nikasema ndiyo, nikatoka.

Nimepiga hesabu zangu, kaka. Mimi ni mgeni, niko na shirika la nje nyuma yangu. Wakinishika, kelele zitapigwa, na mwisho watanifukuza nchini. Yeye ni wao, wanaweza kufanya naye lolote. Nikisema picha ni yangu, na kadi ninayo, na kamera naweza kuiwasha hata nikiwa nimefumba macho, watamshikilia kwa lipi? Kesho naenda na wakili. Usifikiri mimi ni jasiri.

Waambie Nuradin na Mumina, wewe mwenyewe. Waambie ni mimi, na kwamba Abdilatif alisema ni lake ili mimi nipate kukimbia. Usiyalainishe maneno.

Mama ninayekaa kwake, mlango wake ukigongwa sote tunaacha kupumua. Nimechoka kumfanyia hivyo.

Mdogo wako,
Ndila


Kithimani, 24 Agosti 2025

Ndila,

Barua yako imenifikia jana. Mpaka ulifungwa, malori yakalala huko wiki nyingi. Ulipokuwa unaniandikia "kesho", mimi nilikuwa navuna ndengu na kukukasirikia kwa kukawia kujibu.

Habari zenu tulikuwa tumezisikia kwa redio, lakini moyo haukuzikubali mpaka nilipoona mwandiko wako. Umefungwa. Abdilatif hakuachiliwa. Wanasema sasa kuna ushahidi kwamba ni kundi: mmoja anapiga, mwingine anaficha. Ulichowapelekea wamekitumia kuwafunga wote wawili.

Nilikwenda kwa Mumina. Nuradin alikuwepo. Niliwasomea barua yako yote bila kuruka neno, hata yale niliyokuandikia mimi, kwamba aliyeshikwa ameshikwa, niliwaambia, ili wajue ni mtu wa namna gani wamekuwa wakimletea maziwa. Mumina alisikiliza huku anakunja kitambaa. Nilipomaliza alikuwa amekikunja mpaka kimekuwa kidogo kama kitabu.

"Alikuwa na tiketi?" akaniuliza. "Alikuwa amefika uwanjani?"

Nikasema ndiyo.

"Angekuja," akasema. "Angekuja akae hapa na mimi. Ningekuwa na mmoja wa kunieleza mwanangu alikula nini, alicheka lini. Sasa nitamuuliza nani?"

Nuradin aliniambia alijua tangu ile siku ya soko. Abdilatif hajawahi kushika kamera maisha yake yote. Alikuwa anangoja mimi niseme. Akasema kama ungemuuliza yeye, angekwambia urudi nyumbani. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani.

Nimerudi ile ofisi Nairobi mara tatu. Sasa umekamatwa, kwa hivyo faili yako imefunguliwa. Wanasema wameandika. Wakiulizwa wamejibiwa nini, wanasema bado. Mhariri wako alinipigia simu akalia. Picha yako imebebwa mitaani Ulaya, nimeiona. Juma lililofuata walibeba ya mtu mwingine.

Sijui barua hii nitaipeleka wapi. Isse amesema atajaribu langoni mwa gereza.

Musau

[Barua hii ilirudishwa Kithimani mwezi wa Septemba, haijafunguliwa.]


Kithimani, 30 Novemba 2025

Dada yangu mpendwa Ndila,

Salamu kutoka kwetu sote. Tumeambiwa na wakili kwamba mwaka ukiisha mfungwa anaruhusiwa barua moja, iwe fupi, iwe ya mambo ya nyumbani tu, na itasomwa kabla hujapewa. Namshukuru Mungu kwa hiyo moja.

Mvua ya vuli imekuja mapema. Mahindi yamefika kiunoni na mbaazi zimetoa maua. Mfereji ulivunja ukingo karibu na daraja, maji yakaingia kwa mishiri, lakini tumeuziba. Winfred anakusalimu, na habari njema ni kwamba ni mja mzito, baada ya miaka yote hiyo. Anasema akiwa msichana jina tayari analo. Nuradin anakusalimu. Mumina anakusalimu wewe na mwanawe, na anaomba, kama mnaonana hata kwa mbali, umwinulie mkono kwa niaba yake. Amefunga duka siku za Alhamisi. Anakuja kukaa kwetu.

Chumba chako tumekipaka chokaa.

Kula kile wanachokupa, hata kama hukipendi. Lala. Sisi hatujakukasirikia hata kidogo, na mimi nilikuwa nimekosa kusema hivyo.

Kaka yako akupendaye,
Musau


[Karatasi ya pili, ndani ya bahasha hiyo hiyo]

Kwa afisa atakayeifungua barua hii kwanza,

Nakusalimu, bwana, au bibi. Sikujui jina, ila wakili anasema unasoma Kiswahili, na sitaki kukuletea shida. Natumaini kwako wanaendelea vizuri.

Barua ya juu haina siri, utaona mwenyewe. Imebaki jambo moja ambalo sikuliandika humo. Nilikaa nalo siku nyingi, mkono ukakataa. Mama yetu, Ndinda, alifariki tarehe mbili ya mwezi huu, asubuhi, akiwa kitandani kwake. Tulimzika kando ya Baba. Tulikuwa watu wengi.

Ndila hajui. Mimi siko hapo, siwezi kumwona uso wala kujua leo ameamkaje. Wewe unamwona. Kwa hivyo nakuomba wewe. Ukiona ana nguvu, mwambie, lakini umkalishe kwanza, na usimwache peke yake siku hiyo. Ukiona hana nguvu, itupe karatasi hii na umpe ile ya juu peke yake.

Sina mtu mwingine wa kumtuma.

Musau Kiema,
Kithimani